Chanjo za Mbwa: Ipi Faradhi, Ipi Sunna

Mwenye kufuga mbwa Likoni, Kisauni au Changamwe, ampelekapo kilebu wake kwa daktari wa mifugo, aghalabu husomewa orodha ya chanjo ambazo jumla ya bei yake humlazimu achukue nyingine na kuacha nyingine. Na kwa kuwa kuchagua hakuepukiki, ni bora uchaguzi huo uwe na kanuni. Kanuni yenyewe ni kuitenga kwanza chanjo imhifadhiyo binadamu na zile zimhifadhizo mbwa mwenyewe, kisha kuzipima hizi za pili kwa umri wa mnyama na mahali alalapo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya fungu la kwanza, na hukumu yake ni faradhi. Maradhi hayo, dalili zikisha kudhihiri kwa mtu, karibu hayana tiba, na takriban watu 99 katika kila 100 wafao kwayo duniani huwa wameambukizwa na mbwa. Mwaka 2014 Kenya ilianza mpango wa kuyakomesha mauti hayo ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Hesabu hiyo ina sababu: mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, huambukiza wenziwe wasiozidi wawili, hivyo kinga ikienea kwa wengi silsila ya maambukizi hukatika, na hiyo 70 ina akiba ndani yake kwa kuwa mbwa hufa na kuzaliana upesi, hata kinga ya mji ikapungua kabla ya mwaka kutimia. Pemba kampeni za kuchanja ziliyakata maambukizi mwaka 2014, yakaingia tena 2016, yakaondolewa mara ya pili 2018 kwa kurudia chanjo ile ile. Ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari kiliweza kurudiwa, sembuse Changamwe, iliyoungana na Mazeras kwa nchi kavu?

Fungu la pili lina maradhi matatu ambayo kinga yake kwa kawaida hutiwa katika sindano moja: distempa, pavo na homa ya ini ya mbwa. Distempa ndiyo iliyoangamiza takriban theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994. Pavo, iliyojitokeza mwaka 1978, virusi vyake hudumu udongoni kwa miezi mingi, kwa hiyo ua aliofia kilebu mmoja si salama kwa atakayeletwa baada yake. Hapa jambo la kuamua ni umri. Dang'a la mama humpa mtoto kinga ya muda, na kinga hiyo hiyo huibatilisha chanjo. Nayo huisha kwa kila kilebu kwa wakati wake, aghalabu kati ya wiki ya 8 na ya 16. Ndiyo maana sindano huanza wiki ya 6 hadi ya 8, zikarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka wiki ya 16 ipite: ni kuutafuta wakati ambao kinga ya mama imekwisha. Akomaye wiki ya 10, akidhani sindano mbili zatosha, huenda amelipa bure. Baada ya marudio ya miezi 6 au ya mwaka, chanjo hizi hazihitajiki zaidi ya mara moja kwa miaka 3.

Leptospira, iletwayo na mkojo wa panya katika maji yaliyotuama, hupimwa kwa mahali. Mbwa alindaye ghala, au alalaye kwenye ua unaofurika masika, anaihitaji: sindano mbili, kisha moja kila mwaka. Mbwa wa ghorofani aweza kungoja. Na chanjo ya kikohozi ni ya yule apelekwaye kulala pamoja na mbwa wa watu wengine. Kupe, ambao ni balaa kubwa la mbwa wa pwani, hawakingwi kwa sindano yoyote ya hizi. Dawa yao ni nyingine.

Kisha itazamwe chanjo yenyewe. Ile ya pavo na distempa ni unga mkavu katika kichupa, ambao daktari huuyeyusha kwa maji yake papo hapo, kisha akabandua karatasi ya kichupa na kuibandika kwenye kadi, yenye namba ya toleo na tarehe ya kwisha. Hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Chanjo moja ya kichaa iliyojaribiwa Tanzania ilistahimili nyuzi 25 kwa miezi 6. Lakini hii ya pavo na distempa, iliyo ya virusi hai, haina ustahimilivu huo, na iliyovushwa feri ya Likoni adhuhuri ndani ya mfuko mtupu, bila kikasha cha barafu, si ya kuaminiwa.

Na kama uwezo ni wa safari moja tu, basi kilebu afungiwe uani, mbali na mbwa wengine, hata atimize wiki 16, ndipo apewe siku hiyo hiyo sindano ya kichaa na ile ya maradhi matatu. Safari hiyo moja, kwa wakati wake, humfaa kuliko mbili za mapema.