Mstari wa Chaki

Mama mdogo alipoamua kupokea mtoto wa kulea, alianza kwa kutoa vitu nje. Yeye ni fundi cherehani, na chumba cha uani kilikuwa kimemezwa na kazi yake: viroba vya mabaki ya vitenge, cherehani mbili mbovu, ndoo zisizo na mishikio. Vyote vikatoka. Sisi wanawe tuliofika kumsaidia tulikuja na zawadi, huyu mdoli, yule shuka za maua, tukataka kukipamba chumba siku hiyohiyo. Alipokea kwa shukrani, akaviweka kabatini kwake. "Msikijaze, wanangu. Na yeye ana vyake anakuja navyo."

Kisha akachukua chaki yake ya kukatia nguo. Akamwita mtoto wa jirani, wa miaka sita, akamwambia anyooshe mkono ukutani. Vidole vilipoishia akachora mstari, akauendeleza nyumba nzima, kutoka chumbani hadi jikoni. Chini ya mstari vikakaa vitu ambavyo mtoto angeweza kuchukua bila kumwomba mtu: kikombe, mswaki, kandambili, vigingi vya kutundikia nguo, bakuli la karanga lililofunikwa kwa kawa. Juu vikapanda mikasi, sindano, dawa, kiberiti. Mafuta ya taa, ambayo miaka yote yalikaa kwenye chupa ya maji ya kunywa, yakahamia kwenye dumu na kufungiwa stoo. Mtoto aliyezaliwa humo huonywa kuhusu ile chupa tangu anatambaa. Anayeingia na miaka saba na kiu ya safari, nani kamwambia?

Afisa ustawi wa jamii alipokuja kukagua aliangalia kitanda, chandarua, choo, mfuniko wa tangi la maji. Aliuliza nani mwingine analala humo. Ni maswali ya haki kabisa. Ila mimi nilikuwa natazama ule mstari, nikiona kwamba kupanga nyumba kwa namna hii ni ufundi unaostahili heshima ileile tunayompa seremala au msuka mikeka, ingawa hauachi kitu cha kupeleka sokoni.

Chukua lile bakuli la karanga. Mtoto aliyewahi kulala njaa huficha chakula: kipande cha chapati chini ya mto, kiazi ndani ya kiatu. Akigombezwa, huficha mbali zaidi. Akiona bakuli halipungukiwi, asubuhi lipo, jioni lipo, polepole anaacha kuficha. Hata kufua kuna kipimo chake. Wengi wetu tungekimbilia sabuni. Binti aliyeletwa kulelewa alipofika, mama mdogo aliliacha gauni alilokuja nalo siku tano bila kulifua, limekunjwa kando ya mto wake, kwa sababu katika nyumba ile ngeni harufu ya gauni ndiyo pekee aliyoizoea.

Alinunua pia sanduku la bati, kama la wanafunzi wa bweni. Malezi ya kambo yanaweza kufika mwisho, ndugu wakapatikana, mtoto akarudi kwao. Kuasili ndiko kunakohitaji amri ya mahakama na kumfanya mtoto kuwa wako kisheria. Kwa hiyo alitaka binti awe na mahali pa kuweka vyake, na siku ya kuondoka, ikifika, asiondoke na maisha yake ndani ya kiroba. Najua ilimuuma kulinunua.

Na kulikuwa na rafu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi waliomzaa na ukoo wake. Nilikuwa nikiyaona hayo kuwa maneno ya mawakili, mpaka nilipoona seremala akipigilia rafu chini ya mstari wa chaki, na mama mdogo akikataza mtu yeyote kuweka kitu juu yake.

"Hii ya nani?" binti aliuliza siku ya pili.

"Yako."

Wiki tatu ilikaa tupu. Siku moja ukatokea ufunguo mdogo wa kufuli, umeshika kutu, umefungwa uzi mwekundu. Mama mdogo akipangusa vumbi huuzungusha kitambaa pembeni, na hajawahi kuuliza ni wa mlango upi.