Tisa Ni Shahidi

Bumbire, kisiwani huko Muleba, dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitawala, taa haziwavuti tena, mitumbwi hulala mwaloni, na daftari hufunguliwa. Mtu ninayemheshimu saa hiyo ni mshika daftari anayezijua namba kama baharia anavyoujua upepo.

Tuseme ndoo 23 zimeuzwa shilingi 14,000 kila moja, na daftari linasema 322,000. Hodari hahitaji kikokotoo. 2 na 3 ni 5. 1 na 4 ni 5. Tano mara tano ni 25, na 2 na 5 ni 7. Upande wa pili, 3 na 2 na 2: saba pia. Anageuza ukurasa.

Siri ya hesabu hii imo ndani ya hela yenyewe. Igawe laki mafungu tisa, itabaki shilingi moja. Elfu kumi, vivyo hivyo. Elfu, mia, hata kumi. Basi laki tatu zinabakiza tatu, elfu kumi mbili zinabakiza mbili, na elfu mbili zinabakiza mbili. Tarakimu ndizo masalio ya mgawo, ziko wazi kwa mwenye kuzisoma! Mgawo wa watu watatu huenda kwa njia hiyohiyo: saba kwa tatu inabaki moja, hivyo kila mmoja apate 107,333 na shilingi moja ikose mwenyewe. Wakiwa wanne, tazama tarakimu mbili za mwisho tu, maana kila mia imekwisha kugawanyika. Ni sifuri mbili. Kila mtu 80,500.

Ila tisa haioni mpangilio. Mkono uliochoka ukiandika 232,000, jumla bado ni saba, na shilingi 90,000 zimetoweka kwenye karatasi. Hapa ndipo ninapoupenda zaidi ufundi huu. Tarakimu zikibadilishana nafasi, kosa lenyewe hugawanyika kwa tisa, daima. Kwa hiyo hela ya mkononi ikipishana na daftari kwa 90,000, au 18,000, au 2,700, usimtazame mvuvi kwa jicho baya kabla hujatafuta tarakimu zilizopishana. Urafiki wa miaka mingi unaweza kuokolewa na hesabu hiyo moja.

Kwa anayetaka kulikamata kosa mapema, ipo kumi na moja. Tukiacha maelfu, anzia kulia, toa kisha jumlisha kwa zamu. 23: 3 toa 2, ni 1. 14: 4 toa 1, ni 3. Moja mara tatu, tatu. 322: 2 toa 2 jumlisha 3, tatu. Lakini 232: 2 toa 3 jumlisha 2, moja. Kalamu inarudi kwenye mstari, tarakimu mbili zinakatwa na kuandikwa upya, kabla mgawo haujatoka mkononi.