Mstari Mmoja Hautoshi kwa Uvimbe wa Mtoto

Walioandika RECIST 1.1, kanuni za kupima mwitikio wa uvimbe kwa dawa, mwaka 2009 walitangaza kwamba mwongozo wao ni wa majaribio ya saratani za watu wazima na za watoto pia. Hapo ndipo walipokosea, na kosa hilo tunalibeba kila tunapofungua MRI ya mtoto mwenye rabdomiosarkoma.

Kanuni mnaijua: kipenyo kirefu kuliko vyote kikipungua kwa asilimia 30, ni mwitikio wa sehemu. Uvimbe ukiwa wa duara hesabu inakubali, maana asilimia 30 ya kipenyo ni kama asilimia 66 ya ujazo. Lakini rabdomiosarkoma hufuata misuli, hujipenyeza kando ya uti wa mgongo, hujaza kibofu. Chukua uvimbe wa paja wa sentimita 10 kwa 6 kwa 6. Zidisha pande hizo tatu, kisha zidisha kwa 0.52, upate mililita 187 hivi. Baada ya mizunguko mitatu ya dawa, upana na kina vimeshuka hadi 3, urefu bado 10. Sasa ni mililita 47. Robo tatu ya uvimbe imekwisha, na RECIST inaandika ugonjwa umetulia! Ni kama kupima muhogo kwa urefu bila kutazama unene. Itifaki ya Ulaya ya EpSSG RMS 2005, iliyopima ujazo, ingempa mtoto huyohuyo mwitikio wa sehemu, kwa kuwa zaidi ya theluthi mbili imetoweka. Na katika itifaki hiyo, ambaye uvimbe wake haukupungua hata theluthi moja alibadilishiwa dawa. Kwa hiyo kipimo ndicho kinachoamua mtoto atiwe nini mshipani.

Ugomvi wangu na rula hii ni wa zamani, na wazee wananipa haki. Mwaka 1976 Moertel na Hanley waliweka mipira 12 chini ya sponji, wakawaita wataalamu 16 wa saratani waipime, ili wajue mkono wa daktari hukosea kiasi gani. Walikipima kipimo chenyewe kabla ya kukiamini. Kutoka enzi hiyo tulirithi sharti la nusu ya zao la vipenyo viwili. RECIST ya mwaka 2000 ikalipunguza likawa mstari mmoja. Mwaka 2009 walikuwa na kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 6,500, wakazitumia kuuliza ni vivimbe vichache kiasi gani vinatosha kupimwa. Umbo la uvimbe wa mtoto halikupewa uzito wake.

Si yote ya RECIST 1.1 ni mabaya: kupima tezi za limfu kwa kipenyo kifupi ni kazi safi. Waliofundisha kompyuta kukisia muungano wa jeni za PAX na FOXO1 kwenye slaidi za tishu zenye rangi ya H&E nao wamefanya vizuri, kwa sababu lebo yao ilitoka kwenye jeni. Lakini kompyuta ya MRI ukiilisha lebo za mstari mmoja, itajifunza kosa lilelile.

Na hata ujazo peke yake haumalizi kazi. Kinachobaki baada ya dawa huweza kuwa kovu, au seli zilizokomaa zikafanana na misuli. Seli zikifa, maji husogea kwa uhuru zaidi na ADC, kipimo cha MRI cha msogeo huo, hupanda, pengine kabla uvimbe haujapungua.

Ndugu zangu wa radiolojia, pimeni pande tatu. Andikeni ujazo na ADC kwenye ripoti, hata kama fomu ya jaribio ina nafasi ya namba moja tu.