Santorini kwa Siku Moja: Jinsi Nchi Kavu na Bahari Zilivyounganishwa

Watu wengi hupima ziara ya siku moja kwa wingi wa vituo. Wauzaji wa ziara wanalijua hilo, ndiyo maana matangazo yao hujaa majina ya vijiji, fukwe na makanisa. Kipimo hicho kinapotosha. Siku ina saa zake, kisiwa kina njia zake na bahari ina upepo wake. Mpangaji hodari ni yule anayejua kipi kitangulie ili kinachofuata kieleweke.

Ziara niliyoifanya mwezi wa Agosti katika kisiwa cha Santorini, Ugiriki, inastahili kuchambuliwa kwa sababu mpangilio wake ulikuwa na hoja. Ilianzia kwenye mji uliozikwa na volkano, ikapanda mahali ambapo kisiwa kizima kinaonekana, kisha ikashuka baharini, juu ya shimo lililoachwa na mlipuko wenyewe. Kila hatua iliyajibu maswali ya hatua iliyotangulia.

Umbo la kisiwa ndilo linaloandika ratiba

Santorini, ambacho Wagiriki pia hukiita Thira, ni ukingo wa volkano. Karibu mwaka 1600 kabla ya Kristo volkano hiyo ililipuka kwa nguvu kubwa. Akiba ya miamba iliyoyeyuka chini yake ikamwagika, ardhi iliyokuwa juu ikakosa pa kuegemea ikaporomoka, na bahari ikatanda. Aliyewahi kusimama ukingoni mwa Ngorongoro atalielewa umbo hilo upesi, kwani nalo ni bonde lililozungukwa na kuta. Tofauti ni kwamba sakafu ya Ngorongoro ina nyasi na wanyama, na ya Santorini iko chini ya maji yenye kina kinachokaribia mita 400. Bonde hilo, yaani kaldera, lina urefu wa kilomita 11 hivi na upana wa kilomita 7, na kuta zake hupanda hadi mita 300 juu ya bahari.

Umbo hilo linambana kila anayepanga safari. Upande wa kaldera njia za kutoka mjini hadi majini ni chache mno. Chini ya mji wa Fira ipo bandari ya zamani, inayofikiwa kwa mamia ya ngazi, kwa mgongo wa punda au kwa vibanda vinavyovutwa kwa kamba za chuma. Ipo Athinios, bandari ya feri, ambako barabara hushuka gengeni kwa kona kali zinazofuatana. Na ipo Ammoudi, gati dogo chini ya kijiji cha Oia. Anayetaka kuunganisha basi na boti hana budi kuchagua mojawapo, na uchaguzi huo ndio unaoamua mambo mengine yote.

Kizuizi cha pili ni watu. Kisiwa chenye wakazi wapatao 15,000 hupokea meli za kitalii zenye maelfu ya abiria kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 2025 kumewekwa kikomo cha abiria 8,000 wa meli hizo kwa siku, idadi ambayo bado ni zaidi ya nusu ya wakazi. Meli zikiwasili asubuhi, abiria hushushwa kwa boti ndogo, wengi hupandishwa mabasi, na barabara ya Oia hufurika. Ratiba yoyote isiyozingatia wimbi hilo la watu itaishia kwenye foleni.

Kwa nini Akrotiri ilitangulia

Tulichukuliwa hotelini saa mbili asubuhi, tukapelekwa kusini kabisa mwa kisiwa, Akrotiri. Wengi walikuwa wakielekea kaskazini, Oia. Kwa uamuzi huo mmoja mpangaji alikuwa ameupa kisogo msongamano.

Akrotiri ni mji wa kale uliofukiwa na majivu na mawe mepesi ya volkano. Uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 1967 chini ya Spyridon Marinatos, mwanaakiolojia wa Kigiriki aliyefariki papo hapo kazini mwaka 1974. Leo magofu yako chini ya paa kubwa, na mgeni hupita kwenye njia zilizoinuliwa, akiangalia chini kwenye mitaa. Paa lililokuwa likijengwa hapo awali liliporomoka mwaka 2005 na kumuua mtalii mmoja. Eneo likafungwa hadi mwaka 2012. Paa la sasa huruhusu mwanga na hewa lakini huzuia jua kali.

Hapa ndipo nilipoona thamani ya mwongozaji aliyesoma. Sheria ya Ugiriki inataka anayeongoza wageni katika maeneo ya akiolojia awe na leseni, na leseni hiyo hupatikana kwa masomo rasmi. Mwongozaji wetu hakutuhimiza kupiga picha. Alitusimamisha mbele ya ngazi za mawe zilizopasuka katikati, moja baada ya nyingine, akatueleza kwamba tetemeko la ardhi lilitangulia mlipuko. Kisha akatuonyesha dalili kwamba baada ya tetemeko watu walirudi, wakaanza kuondoa vifusi, halafu wakaondoka tena. Akatuuliza tumeona nini ambacho hakipo. Hakuna mifupa ya watu waliofukiwa, na vitu vya thamani ni vichache sana. Wenyeji walipata onyo na muda wa kukimbia.

Nyumba zao zilikuwa za ghorofa mbili na hata tatu. Mifereji ya maji machafu ilipita chini ya mitaa, na choo cha ghorofani kiliunganishwa nayo kwa mabomba ya udongo. Kwenye nyumba moja iitwayo Nyumba ya Magharibi ulipatikana mchoro wa ukutani unaoonyesha msafara wa vyombo vya baharini ukitoka mji mmoja kwenda mwingine, wenye watu, nyumba na milima. Mchoro wenyewe uko katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, Athens, lakini mwongozaji alikuja na nakala yake. Akatuambia tuiangalie vizuri, kwa kuwa baadaye tungekuwa baharini tukikiangalia kisiwa kutoka majini kama mabaharia wale walivyokiangalia. Kwa maneno hayo aliifunga nusu ya kwanza ya siku kwenye nusu ya pili.

Kituo cha juu

Kutoka Akrotiri tulipanda hadi kijiji cha Pyrgos, karibu na mlima Profitis Ilias wenye mita 567. Mlima huo ni wa mawe ya chokaa, ulikuwapo kabla ya volkano. Kutoka Pyrgos unaona mashamba ya mizabibu yanayoteremka mashariki, na magharibi unaona kaldera yote pamoja na visiwa vyeusi katikati yake.

Kituo kilikuwa kifupi, na ndivyo ipasavyo. Kazi yake ilikuwa kumpa mgeni ramani kichwani. Njiani mwongozaji alieleza jinsi wakulima wanavyosokota matawi ya mizabibu yawe duara la kikapu chini ardhini, ili zabibu zikae ndani zikikingwa na upepo na jua. Mvua ni haba, na mimea hupata sehemu ya unyevu wake kutoka kwenye ukungu na umande unaonaswa na udongo wa volkano. Dakika chache za maelezo zilitosha, kwa sababu shamba lilikuwa mbele ya macho yetu.

Upepo, nahodha na njia

Kabla ya saa sita mchana tulikuwa Athinios, tukipanda boti ya mbao. Kuanzia hapo mwenye neno la mwisho ni nahodha, na nahodha naye humsikiliza upepo.

Wakati wa kiangazi Bahari ya Aegean hutawaliwa na upepo wa kaskazini uitwao meltemi. Huzaliwa kati ya mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya Balkani na mgandamizo mdogo juu ya Uturuki, ambao ni mkono wa eneo kubwa la joto la Asia Kusini. Ni eneo hilo hilo la Asia linalovuta kusi kwenye Bahari ya Hindi katika miezi hiyo hiyo. Kwa hiyo mwezi wa Julai na Agosti nahodha wa Aegean na nahodha wa pwani yetu wanaguswa na nguvu moja, kila mmoja kwa upande wake. Meltemi huzidi alasiri na kupungua jua linapozama. Ukivuka kiwango, mamlaka ya bandari huzuia vyombo kuondoka, na boti ndogo huzuiwa kabla ya meli kubwa.

Kuta za kaldera hukinga sehemu kubwa ya maji ya ndani. Palipo wazi kwa upepo huo ni kaskazini, kwenye mlango wa bahari kati ya Oia na kisiwa cha Thirassia. Nahodha wetu aliipanga njia kwa kuzingatia hilo. Alikwenda moja kwa moja katikati, Nea Kameni, kisha Palea Kameni, kisha Thirassia kwa chakula cha mchana. Baada ya hapo akaukata ule mlango wa kaskazini hadi chini ya Oia, akageuza omo kusini, na boti ikarudi Athinios upepo ukiisukuma kutoka tezini. Kipande kigumu kilikuwa kifupi, na safari ndefu ya kurudi ikawa tulivu. Abiria walioshiba hawakutapika. Huo ni ufundi, ingawa wengi waliona ni bahati.

Kina cha maji nacho kina onyo lake. Aprili 2007 meli ya kitalii Sea Diamond iligonga mwamba ndani ya kaldera hii na kuzama siku iliyofuata. Abiria wawili walipotea, na mabaki ya meli bado yako chini. Karibu na genge mwamba unaweza kuwa jirani kabisa na uso wa maji, na hatua chache mbele hakuna nanga inayofika chini. Ndiyo maana meli kubwa hushikilia mahali pake kwa injini au hufungwa kwenye maboya.

Juu ya volkano yenyewe

Nea Kameni ni ardhi changa. Sehemu yake kubwa imetokana na milipuko iliyoanza mwaka 1707, na mlipuko wa mwisho ulikuwa mwaka 1950. Ghuba ya kutia boti ni nyembamba, kwa hiyo boti hufungwa ubavu kwa ubavu, na abiria wa nje hupita juu ya sitaha za wengine hadi nchi kavu. Mabaharia walisimama mmoja kila kiungo, wakimshika mkono kila anayevuka. Njia ya kupanda ni ya changarawe, haina kivuli, nayo hufika kwenye kasoko ambako mvuke bado unatoka na harufu ya salfa inasikika. Baada ya kuuona mji uliofukiwa, mvuke ule mdogo ulikuwa na uzito ambao usingekuwa nao kwa mtu aliyeanzia hapo.

Palea Kameni ina ghuba yenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 30 hadi 35, yaliyotiwa rangi ya kutu na chuma. Boti husimama nje, na anayetaka huogelea kutoka maji baridi hadi ya joto. Mwongozaji alitangaza mapema kwamba nguo nyeupe zitashika rangi na kwamba asiyejua kuogelea vizuri abaki chomboni.

Lakini kilele cha siku, kwangu, kilikuwa njia ya kurudi chini ya genge. Kutoka barabarani mgeni husimama juu ya ukuta na hawezi kuusoma. Kutoka baharini matabaka yote yako wazi: lava nyeusi, majivu mekundu, na juu kabisa ule mkanda mweupe wa mlipuko uliozika Akrotiri. Mkanda huo ulichimbwa kwa ajili ya saruji, na katika karne ya 19 shehena zake zilitumika kujenga Mfereji wa Suez, uliokuja kuifupisha njia ya meli kati ya Ulaya na Afrika Mashariki. Wachimbaji wa Thirassia ndio waliokutana na kuta za nyumba za kale chini ya mkanda huo katika miaka ya 1860, karne moja hivi kabla ya kazi ya Marinatos.

Tathmini

Mpangilio huu una gharama mbili. Ya kwanza ni joto. Kuanza na Akrotiri kulitupeleka Nea Kameni jua likiwa utosini, na kwa wazee au wenye matatizo ya moyo hilo si jambo dogo. Ya pili ni kuachwa kwa Makumbusho ya Thira ya Kabla ya Historia mjini Fira, yaliyo na baadhi ya michoro halisi ya Akrotiri. Nakala ya mwongozaji ilisaidia, ila haikuziba pengo lote.

Kuacha machweo ya Oia, hata hivyo, kulikuwa uamuzi sahihi. Agosti jua huzama karibu saa mbili usiku. Kumburuta hadi saa hiyo mtu aliyeamka alfajiri, akapanda kasoko na kuogelea, ni kumchosha bure. Tulirudishwa jioni mapema, na aliyetaka machweo akaenda mwenyewe.

Unayepanga safari ya namna hii, usianze kwa kuhesabu vituo. Uliza boti inapandwa bandari gani na mtafikaje huko. Uliza kama mwongozaji ana leseni ya maeneo ya akiolojia. Uliza upepo ukizidi kipi kitaondolewa na fedha zitarudishwaje, na kituo cha kupanda mlima kiko saa ngapi. Muuzaji mwenye majibu ya moja kwa moja amekwishaifikiria siku yako. Asiye nayo amekuuzia orodha ya majina tu, na fedha yako inastahili zaidi ya hayo.