Mikumi kwa siku mbili: hesabu ianze na saa za wanyama

Wengi wanaokwenda Mikumi kwa mara ya kwanza kutoka Dar es Salaam huondoka alfajiri, hufika langoni jua limeshapanda, huzunguka mchana kutwa, kisha hukimbilia barabarani wawahi kurudi. Saa wanazokaa hifadhini ni nyingi, ila ndizo zile ambazo simba amelala na tembo wameingia vivulini. Sisi tulizipindua: tukaingia alasiri, tukalala ndani, tukatoka kesho yake kabla ya adhuhuri.

Masharti ya kibali ndiyo yaliyotupa nafasi hiyo. Kiingilio ni cha mara moja. Ukitoka kwenda kulala nje, kurudi kesho ni kulipa upya. Anayelala ndani huhesabiwa saa 24. Kwa hiyo ukiingia saa tisa alasiri unapata jioni nzima na alfajiri nzima kwa malipo ya siku moja. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, na kiwango chake ni cha chini sana kuliko cha mgeni wa mbali, mradi kitambulisho kiwe mkononi.

Kufika si kazi tena. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inafika Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, na kutoka hapo hadi langoni ni kama kilomita 100 za lami. Gari la kukodi liagizwe mapema, tena liwe la juu. Barabara kuu ya kwenda Iringa inakata hifadhi kwa takriban kilomita 50, na abiria wa basi huona twiga na swala bila kulipa chochote. Wapo wanaodhani basi wameshaiona Mikumi. Hawajaiona.

Mikumi yenyewe ni uwanda wa Mkata, kaskazini mwa barabara. Hifadhi ina zaidi ya kilomita za mraba 3,000, lakini mgeni wa siku mbili hana sababu ya kutoka uwandani. Nyasi ni fupi, maji yapo, nyati, pundamilia na nyumbu wanaonekana kwa mbali, na milima ya Uluguru inasimama upande wa mashariki. Jioni tulipita njia zake taratibu. Alfajiri tukazirudia zilezile, na hapo ndipo mpango ulipolipa: tulishajua makundi yalilala wapi, tukaenda moja kwa moja badala ya kubahatisha. Kishawishi cha kutafuta njia mpya asubuhi ni kikubwa; kishinde. Bwawa la viboko liache liwe la mwisho, kwani pale unaruhusiwa kushuka garini na kunyoosha miguu.

Nguo nyeusi na za bluu iliyoiva huvuta mbung'o, ziache nyumbani. Nenda kati ya Juni na Oktoba. Wakati wa masika udongo mweusi wa Mkata hunasa hata gari imara.

Kuna wanaopachika hifadhi ya Udzungwa humo humo kwa ajili ya maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170. Yanastahili kila hatua, lakini Udzungwa ni ya kutembea kwa miguu, ina kiingilio chake, na inakula nusu siku. Katika siku mbili itakunyang'anya alfajiri ya Mkata. Ukiipata siku ya tatu, lala Mang'ula, upande Sanje asubuhi.