Pongezi kwa Wafugaji wa Kibera na Kawangware
Wafugaji wa kondoo na mbuzi wa mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, hongereni! Hamna malisho mapana, lakini mifugo yenu inashiba: majani ya kando ya reli, maganda ya viazi na ndizi, mabaki ya mboga kutoka sokoni. Samadi haitupwi. Huchanganywa na udongo kwenye magunia ya sukuma wiki, kilimo cha magunia kilichoshamiri Kibera baada ya ghasia za uchaguzi za 2007–2008. Majani makuukuu ya mboga humrudia kondoo, na udongo hauchoki. Tangu 2015, Kaunti ya Nairobi ina sheria inayotambua kilimo cha mjini. Maafisa wa mifugo, wafikieni wafugaji hawa kwa chanjo na ushauri. Wanastahili.