Hongera Mafundi wa Mawimbi Arua

Mvua kubwa ikimwagika Arua, Uganda, picha ya dishi la setilaiti hukatika, lakini Radio Pacis huendelea kusikika. Mafundi mitambo wake wanastahili pongezi za dhati, maana kazi yao ni hesabu ngumu iliyogeuzwa kuwa sauti.

Wimbi lake la 90.9 FM lina urefu wa mita 3.3 hivi, tone la mvua ni milimita chache tu. Lord Rayleigh wa Uingereza alionyesha kwamba kitu kidogo sana kuliko wimbi hulitawanya kidogo mno, na masafa yakiongezeka maradufu, mtawanyiko huongezeka mara 16. Mawimbi ya dishi ni ya sentimita chache, ndiyo maana matone huyasumbua. Mwaka 1908 Mjerumani Gustav Mie alikokotoa mtawanyiko wa tufe la ukubwa wowote, si dogo tu.

Mlima Wati wa eneo hilo, mkubwa mno kuliko wimbi, ni habari nyingine: nyuma yake huanguka kivuli cha redio, mahali ambapo mawimbi hufika kwa shida.

Kwa hiyo antena hupandishwa juu. Fundi hukwea mnara, mkanda kiunoni, akakaza boliti, kisha akapima nguvu inayorudi kutoka kwenye antena. Kituo hicho kilichoanza 2004 kilitunukiwa na BBC mwaka 2007 kama redio mpya bora Afrika, na mafundi hao wana sehemu yao kubwa katika heshima hiyo.